Herufi Mbili za Ploti ya Kimbo

Ile alama ya X niliyoikuta kwenye msingi wangu ilikuwa nyekundu na bado mbichi. Niligusa kwa kidole, rangi ikanishika. Fundi wangu alikuwa ameketi juu ya mawe, mikono magotini, anatazama pembeni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Walikuja saa nne," akasema. "Askari wa kanjo wawili na afisa mmoja. Wanauliza kibali."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia mwenyewe anakuja."

"Na mimi nikuje na nini?"

Kosa lilikuwa langu. Kule Kimbo nilikuwa nimeona watu wakichimba msingi leo, na kabla hujakaa vizuri ukuta uko juu, nikadhani kibali ni kitu cha kutafutwa polepole huku mawe yanapangwa. Kumbe wenzangu walikuwa na vibali vyao vimetulia kwenye mabahasha, na mjinga wa mtaa nilikuwa mimi. Niliipiga teke ndoo ya fundi kwa hasira. Ndoo ilikuwa imejaa maji, kidole gumba cha mguu kikaniuma wiki nzima.

Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo najua, na wateja wangu pia wanajua. Nashona sare za shule pale Ruiru na nimewahi kumrudishia mzazi kitambaa chake kwa sababu alinifokea mbele ya cherehani. Lakini siku ile haikuwa hasira tu. Nilitaka kulia. Msingi ule ulikuwa wa nyumba ya Maitu, na Maitu alikuwa ananisubiri.

Maitu ndivyo ninavyomwita mama yangu. Alikuwa anakaa nami Githurai 45, ghorofa ya nne. Siku moja ya mvua aliteleza kwenye ngazi, nyonga ikavunjika. Hospitali wakamtia chuma, wakamrudisha na fremu ya kutembelea, wakaniambia ngazi asizisogelee tena. Jengo letu halina lifti. Basi siku tuliyompandisha, tulimpandisha kabisa. Kwa miezi minane miguu yake haikugusa chini. Mtu aliyechuma kahawa maisha yake yote, aliyekuwa anatambua mvua inayokuja kwa kushika udongo, akawa anashinda barazani anatazama vichwa vya watu wakipita sokoni.

"Nimeanikwa," alikuwa anasema. "Kama nguo."

Nilitaka kumkodia chumba cha chini kwingine, kwa sababu pale kwetu chini kote ni maduka: kinyozi, saiba ya intaneti, muuza kuku. Nilipata kimoja kizuri upande wa Ruiru, karibu na duka langu. Akakataa katakata.

"Nitahama mara moja tu," akasema. "Na nitahamia kwangu."

Kwake ni ile ploti ya Kimbo. Aliipata zamani, wakati wachuma kahawa wanawake walipochangishana wakanunua hisa kwenye kampuni ya ardhi. Siku ya kugawa, wanachama walipiga kura, na kura ya siku hizo haikuwa ya kuchagua mbunge. Unatia mkono ndani ya debe, unatoa kikaratasi chenye namba, na namba hiyo ndiyo ploti yako, iwe na maji au iwe na mwamba. Maitu alipofika mezani na kikaratasi chake, karani akamuuliza jina la mume wake. Akamwambia, mkono ulioingia kwenye debe ni wangu, andika jina langu. Karani akaandika. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kujiuliza karani aliandikaje.

Baada ya ile X nilijikaza. Nilitafuta mchoraji wa plani pale Ruiru, nikamwambia nataka nyumba ya chini, vyumba viwili, mlango mpana wa fremu kupita, na hata kizingiti cha inchi mbili sitaki kukiona.

"Mama, watu wa Kimbo wanajenga kwenda juu," akaniambia. "Ploti kama hiyo unaweka ghorofa tano. Sasa wapangaji watakaa wapi?"

"Wakae kwa mama zao. Na mimi namjengea wangu."

Alichora. Tukajaza fomu kwenye saiba, tukatuma plani, hati ya ploti, kitambulisho cha Maitu, kila kitu. Nikalipa kila kilichotakiwa kulipwa. Baada ya wiki mbili fomu ikarudi na sentensi moja: jina la mwenye ploti halilingani na kitambulisho.

Nilifunga duka nikaenda ofisini mwenyewe. Afisa wa vibali alikuwa mwanaume wa makamo, sweta ya kijivu, sauti ya taratibu. Aliweka nakala ya hati na nakala ya kitambulisho kando kwa kando, akaweka kalamu juu ya herufi moja, halafu juu ya nyingine. Nikaona. Haiya! Miaka yote hiyo, ile hati imekaa kwenye kopo la majani chai, na hakuna aliyeona.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa kwetu wataelewa mara moja. Sisi R na L kwetu ni mapacha, na hata mama mzazi hawatofautishi. Ukitutuma dukani tulete maziwa lala tunaleta maziwa rara. Tukiibiwa tunakwenda kupiga lipoti. Jina la ubatizo la Maitu lina L mbele na R katikati. Jina lenyewe sitaliandika hapa, limeandikwa vibaya vya kutosha. Aliyeandika kitambulisho alilipata sawa. Karani wa kampuni ya ardhi aliandika alivyosikia, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwetu, basi akaweka R mbele na L katikati.

"Kwa karatasi hawa ni wanawake wawili," afisa akasema.

"Huyu ni Maitu mmoja!"

"Wewe unajua hivyo. Sistimu haijui. Na mimi pia sijui." Akanieleza bila haraka kwamba nilete hati ya kiapo kutoka kwa wakili, na kwamba mwenye ploti aje nayo yeye mwenyewe. "Kiapo bila mtu sikipokei. Wengi wanakuja hapa na ploti za marehemu, mama. Wanasema mzee yuko nyumbani, mgonjwa. Kumbe mzee yuko kaburini."

"Wangu yuko ghorofa ya nne na nyonga yake ina chuma!"

"Pole sana," akasema, na nikaona kwamba ni kweli ameona huruma. "Lakini aje."

Nilitoka pale nikitukana kimoyomoyo, lakini nilipofika barabarani nilijua mtu yule ana haki. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikaamua nitatafuta njia ambayo haitamshusha Maitu. Nilikwenda Thika mara tatu kutafuta rejista ya ile kampuni ya ardhi, nikidhani jina likiwa sawa huko mambo yatakwisha. Kampuni ilikufa zamani. Mahali pa ofisi yake sasa wanauza magodoro, na mwenye magodoro akaniuliza nataka saizi gani. Mara ya tatu nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nimechoka, na hapo ndipo broka mmoja wa ploti akanikuta. Alivaa koti zuri, ana mafaili kwapani, akanisikiliza vizuri sana.

"Mbona unajitesa, mamaa? Jina lako wewe liko sawa?"

"Liko sawa."

"Basi shosho, huyo mama yako, akuhamishie ploti. Aweke dole gumba hapo nyumbani, kwa kitanda chake. Kwa ofisi ya ardhi niko na watu wangu, hiyo herufi hawataiona. Ukiomba kibali unaomba kwa jina lako. Hashuki hata ngazi moja."

Njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa naujua huo msemo tangu shule ya msingi, na bado nikachukua zile karatasi. Nikajiambia ninafanya hivyo kwa ajili ya nyonga yake.

Nilimkuta Maitu barazani anamenya minji, zile njegere za kijani, sahani mapajani. Nikamweleza kila kitu haraka haraka, jinsi mtu anavyoeleza jambo analojua lina kasoro. Akazichukua karatasi, akaziangalia muda mrefu. Kusoma anasoma, lakini polepole, alijifunzia ukubwani, kwenye ngumbaru.

"Hapa nimeandikwa wapi?"

"Hapo. Anayetoa."

"Na hapa?"

"Anayepokea. Hapo ni mimi."

"Kwa hivyo nikishaweka kidole, nikienda huko Kimbo, nitakuwa mgeni wako."

"Maitu, mgeni gani? Si ni nyumba yako?"

"Ngoja nikuambie." Hakupandisha sauti. "Mimi nikifa hiyo ploti ni yako, sina mtu mwingine. Sikunyimi. Lakini nimekaa kwa wenye kahawa. Nikakaa kwa baba yako, na akikasirika alikuwa ananiambia toka kwangu. Sasa nakaa kwako, huku juu. Hiyo moja tu nataka niingie nikiwa mwenyewe, na nikiwa macho."

Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikia baba akimwambia toka kwangu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango. Na bado nilitaka kumtoa kwenye karatasi ya kitu chake kwa sababu ngazi zilinitisha. Nilinyoosha mkono nichukue karatasi nizichane, akanizuia. Akazitandaza mapajani, akaendelea kumenya minji juu yake, maganda yakaangukia pale penye jina langu.

"Nitashuka," akasema. "Tafuta watu wa kunibeba."

Wa kubeba sikwenda mbali. Ghorofa ya tatu alikaa jirani yetu mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mwanaume mkubwa anayepakua magunia ya viazi sokoni, mzee wa kanisa, anayemwita mama yangu Mayi kama wanavyoita mama kwao. Kwetu tulikuwa tukimtania kwa sababu kwake B na P ni kitu kimoja, na Biblia anaiita Piplia. Nilipomweleza akaita shemeji yake, wakachukua kiti cha plastiki, tukamfunga Maitu kwa leso mbili kiunoni na kifuani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

"Mayi, shika mabega yangu."

"Polepole! Mimi si gunia!"

"Gunia halina maneno mengi hivi, Mayi."

Walishuka wakipumua kwa nguvu, kila kona nikitangulia kuhamisha mitungi na viatu vya watu. Nilikuwa naomba. Wangejikwaa mara moja tu, ningekuwa nimemuua mama yangu kwa sababu ya herufi. Tulipofika chini Maitu akaomba asimamishwe. Akashika fremu, akaweka miguu yote miwili pale mbele ya muuza kuku, akaisogeza sogeza.

"Hii ni simiti," akasema, na akaomba apelekwe kwenye gari tulilokodi.

Kwa wakili hatukukaa. Aliapa, akatia sahihi, mhuri ukagongwa. Ofisini kwa vibali kulikuwa na watu wengi, lakini walipoona bibi kizee kwenye kiti cha plastiki amebebwa na wanaume wawili, walitupisha. Afisa wa sweta ya kijivu alisimama.

"Shosho, shikamoo. Pole kwa safari."

"Marahaba. Ni wewe ulisema nimekufa?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka kidogo, akatoa faili, akawa mtu wa kazi. Alisema kwamba kabla hajaandika chochote, anataka mwenyewe athibitishe kwa mdomo wake kuwa majina yote mawili ni yake. Atayasoma moja baada ya jingine.

Akasoma la kitambulisho. Akasoma la hati. Ngai wangu! Afisa mwenyewe alikuwa wa kwetu. Majina yote mawili yalitoka mdomoni mwake sawasawa, kama jina moja limesomwa mara mbili. Mtu mmoja kwenye foleni akaanza kucheka, halafu wa pili, na mwishowe hata yule msichana wa kupokea fomu akafunika uso kwa faili.

"Ni mimi," Maitu akasema. "Hata ukisoma mara kumi ni mimi."

Na hapo tungemaliza. Afisa alikuwa tayari ameshika kalamu. Lakini jirani yetu, Mungu ambariki, alikuwa amesimama nyuma ya kiti na alikuwa ameona zile karatasi, na yeye kwa R na L hana shida yoyote. Akataka kusaidia.

"Apana, afande, hayasomwi hivyo," akasema. Akasoma la kwanza, L ikasikika L. Akasoma la pili, R ikanguruma kama gari linalokataa kuwaka.

Maitu akageuza shingo akamtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuyasikia majina yale mawili yakiwa mbalimbali. Akakunja uso.

"Huyo wa pili mimi simjui," akasema.

"Maitu!"

"Simjui. Ni nani?"

Afisa akaweka kalamu chini. "Shosho," akasema polepole, "huyo wa pili ndiye mwenye ploti."

Nilimwangalia jirani yetu kwa jicho ambalo hata leo akikumbuka anaomba msamaha. Nikaanza kusema, nikasema kila kitu kwa pamoja, kwamba ni mzee, amechoka, hajaelewa, ni yule yule. Afisa akainua kiganja.

"Mama, hebu nyamaza. Nataka kumsikia yeye."

Maitu hakuwa na haraka. Alikuwa anafikiri. "Ploti gani hiyo unasema ni ya huyo mwanamke?"

Afisa akamsomea namba.

"Hiyo namba niliitoa kwa debe la mafuta ya kupikia," akasema Maitu. "Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na mkono wangu ukatoka na mafuta. Nilipofika huko nikakuta iko na mwamba. Watu wakanicheka, hakuna mtu alitaka kubadilishana na mimi. Kama ni yake, mwambie aje. Aje hapa aseme huo mwamba uko upande gani."

Afisa akafungua faili, akatoa plani ya mchoraji. Nilikuwa nimeiona mara mia ile plani, na nilikumbuka kwamba kwenye pembe moja mchoraji alikuwa ameweka vidoti akaandika mwamba, kwa sababu fundi alikuwa amevunja sururu mbili pale.

"Upande gani, shosho?"

"Pale jua linatokea. Kona ya barabara. Hauonekani wote, umejificha chini, lakini ukichimba hapo unaukuta."

Afisa akaitazama plani, kisha akaizungusha ili kaskazini iwe juu, akaitazama tena. Halafu akachukua kalamu. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kile kiti cha plastiki mpaka vidole vikafa ganzi.

"Naandika kwamba ni mtu mmoja," akasema. "Naandika, anajulikana pia kama."

"Mimi sijulikani hivyo," Maitu akasema.

"Shosho, nisaidie. Nisipoandika hivyo, hujengi."

Maitu akafikiri tena, watu wote wanamngojea. "Basi andika," akasema. "Lakini andika kwa herufi ndogo."

Akatia sahihi yake, herufi moja moja, ulimi umetoka nje kidogo. Tulipotoka, jirani yetu alikuwa anatokwa na jasho kuliko alipokuwa anabeba. "Mayi, nilitaka tu kusaidia, sikutaka kuharipu," alisema, na sote tukacheka mpaka shemeji yake akalazimika kukaa.

Lakini ilibidi tumrudishe juu. Hicho ndicho kitu ambacho sikuwa nimekiwaza. Pale chini ya ngazi aliangalia juu, kisha akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka kiti kilipotua barazani. Nilimpelekea chai ikapoa. Wiki zilizofuata alikula kidogo, akalala mchana, na mara mbili nilimkuta amekaa akitazama ukuta badala ya barabara. Nilianza kuogopa. Nilikuwa namwona anaisha, na mimi nangoja ujumbe kwenye simu.

Kibali kilitoka siku ya kazi, nikiwa nimeinamia kola. Niliacha cherehani na uzi ndani ya sindano, nikampigia fundi. Nikamwambia alete watu, alete kila mtu. Nikakwangua ile X mwenyewe kwa brashi ya waya, sikutaka mtu mwingine aguse hapo. Miezi iliyofuata nilikuwa nashona asubuhi na mchana nasimama Kimbo, natazama kila jiwe linavyokaa, mpaka fundi akasema akipata mteja mwingine kama mimi ataacha kazi arudi kulima. Ukuta ulipokwenda mrama inchi moja nilimwambia abomoe. Alibomoa. Kila hatua yule afisa wa vibali alikuja kukagua, na kila mara alikuta tuko sawa na plani, kwa sababu niliapa kwamba hakuna rangi nyekundu itakayonikuta tena.

Paa likapanda. Milango na madirisha bado, lipu bado, sakafu ni simiti tupu. Siku ya kukagua paa nikaona heri Maitu aje aone, labda atapata hamu ya kula. Jirani yetu na shemeji yake wakamshusha tena, safari hii bila mzaha mwingi, kwa sababu alikuwa amepungua na wao waliuhisi uzito wake.

Alipofika hakuangalia nyumba kwanza. Alivua viatu. Akasukuma fremu hadi pale udongo ulipokuwa umegeuzwa na sururu, akasimama, akazamisha vidole vya miguu. Sikumsogelea. Alikaa pale muda, midomo ikitembea, sijui alikuwa anaomba au anaongea na nani. Halafu akaingia ndani, fremu ikapita mlangoni bila kugonga popote, akafika chumba cha upande wa mashariki ambacho dirisha lake linatazama ule mwamba. Akaomba kiti chake cha plastiki. Akaketi.

Afisa akamaliza kukagua, akatia alama kwenye karatasi yake, akaniambia paa liko sawa. Nikaenda kumwita Maitu.

"Twende, jua linashuka."

"Mimi siendi."

"Maitu, hakuna mlango."

"Naona."

"Hakuna dirisha! Hakuna hata kitanda!"

Afisa akachungulia. "Shosho, sheria inasema huwezi kuhamia kabla cheti cha kuhamia hakijatoka."

"Sijahamia," Maitu akamjibu. "Nimeketi."

"Na utaketi mpaka lini?"

"Mpaka ulete hiyo karatasi."

Afisa aliangalia kalamu yake, akaangalia mabati mapya, akaniangalia mimi. Akamwambia fundi aanze na mlango wa mbele, akatuaga, akaondoka. Mimi hasira zikapanda. Nilimwambia Maitu kila kitu, baridi, vumbi, wezi, nyonga, watu watanionaje nikimlaza mama yangu kwenye mjengo. Aliniacha mpaka nikaishiwa. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na udongo.

"Ukinirudisha juu," akasema, "siku nyingine nitashuka ndani ya sanduku."

Jirani yetu alikuwa ameshavua koti lake, analipigilia dirishani, na fundi alikuwa anakata turubai. Nilikaa sakafuni karibu na miguu ya Maitu, na ndivyo tulivyolala, yeye kwenye kiti na mimi juu ya mifuko ya simiti.

Asubuhi nilirudi Githurai, nikapanda ghorofa nne peke yangu, nikafunga godoro lake kwa leso, nikashuka nalo ngazi moja moja.